Maji Niliyommwagia Mtoto wa Salima

Mwezi uliopita walikuja vijana wawili kutoka mjini, wamevaa vizuri, wakanialika kwenye mkutano wa wazee. Mmoja akaniambia, "Bibi, utasema kidogo tu. Utawaambia vijana kwamba zamani Waislamu na Wakristo mliishi kwa upendo, hamkuwa na matatizo."

Nikamuuliza, "Nani amekwambia?"

Wakacheka. Walidhani natania.

Sikwenda. Mimi sisemi maneno niliyotengenezewa na mtu. Nimechukua daftari la mjukuu wangu, naandika mwenyewe kwa mwandiko nilioupata ukubwani kwenye darasa la watu wazima. Herufi zangu ni kubwa kama za mtoto, lakini zinasomeka. Nawaandikia nyinyi mabinti mnaosomea uuguzi na ukunga, na yeyote mwingine atakayetaka kusoma. Asiyetaka aache.

Zamani tuligombana. Tuligombania kisima, tuligombania nguruwe wa jirani aliyeingia uani kwa watu wanaofunga, tuligombania hata namna ya kuzika. Aliyewaambia amani ilikuwa imelala tu kama mvua ya jana amewadanganya. Amani ilikuwa kazi. Na mimi najua kazi, maana nimezalisha tangu sijaota mvi hadi macho yaliponikatalia.

Kazi nilifundishwa na mama mkwe wangu. Hakuwa Mkristo wala Mwislamu, alikuwa na mambo ya wazee wake, na mtoto akizaliwa humtemea mate kifuani kumbariki. Siku ya kwanza alipokubali kunichukua, tulipofika mlangoni kwa watu alinishika vidole, akaviinua juu wote waone. "Kucha hizi ni za kuchimbia viazi," akasema. "Rudi nyumbani." Nikarudi njia nzima nalia kwa hasira. Tangu siku hiyo kucha zangu hazijawahi kupita ncha ya kidole, na hata leo ambapo sizalishi tena, nazikata.

Alikuwa mkali yule mama. Alinikataza kuvuta kondo la nyuma. "Ukivuta, unavuta na roho." Alinikataza kumwambia mwenye uchungu asukume kwa sababu mimi nimechoka kukaa. Na mwanaume akizungukazunguka nje, alisema, mpe kuni apasue, hata kama kuni zipo. Hilo nililifuata sana. Mmoja nilimpa shoka akamaliza kuni zote, akaingia kwenye nguzo za zizi. Ng'ombe wakatoka. Mtoto alizaliwa hakuna mwanaume hata mmoja pale, wote wako mbugani wanakimbiza ng'ombe.

Baadaye nikaenda misheni mwezi mmoja, nikafundishwa na Sista mmoja mrefu mambo ya sabuni, kuchemsha wembe na uzi, kutopaka kitovu mavi ya ng'ombe. Mengi aliyosema yalikuwa kweli, nikayashika. Akatufundisha na jambo jingine. Mtoto akizaliwa anaelekea kufa, mmwagie maji kichwani, sema maneno ya ubatizo, mpe jina. Wa kiume Yosefu, wa kike Maria. "Usimuulize mtu," alisema. "Hakuna muda."

Niliwafanyia hivyo watoto kadhaa wa kwetu. Mama zao walinishukuru wakilia. Sikuona tatizo.

Tatizo lilikuja tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na tembe lake mbali, Waislamu wengi ng'ambo ya mbuga, sisi huku karibu na kigango. Kila mtu alikuwa mwema kwa sababu alikuwa mbali. Tulipowekwa kwenye mistari, nyumba kwa nyumba, kisima kimoja, duka moja, shamba moja, ndipo tukajuana. Ukipika, jirani anajua unapika nini. Ukigombana na mumeo, wanajua hadi sababu.

Katika mstari wangu aliishi Salima, mke wa Ramadhani muuza chumvi. Salima alizaliwa Mkristo, akabatizwa Selina, akasilimu alipoolewa. Mama mkwe wake hakuwahi kumwamini kwa hilo. Akichelewa kuamka alfajiri, yule mama husema, "Bado anasikiliza kengele." Hilo likumbukeni, ndilo lililotaka kumwua mtoto.

Uchungu ulimshika Salima asubuhi, tuko palizi kwenye shamba la kijiji. Zahanati ilikuwa mbali. Tukambeba hadi ghala la mtama, mimi na Mama Agnesi, jirani yetu Mkristo mwenzangu, mwanamke mwenye mikono ya nguvu na mdomo usio na kufuli. Mtoto akaja haraka. Wa kike. Kitovu kimemzunguka shingo mara mbili, mwili umelegea kama kitambaa kilicholowa, rangi yake siisemi.

Nikafungua kitovu shingoni. Nikafuta mdomo. Nikamsugua mgongo. Nikampulizia. Kimya. Salima naye damu imemtoka nyingi, macho yamefumba, ukimwita haitiki. Nikampulizia tena mtoto. Kimya.

Mkono wangu ukaenda kwenye kibuyu cha maji. Nikamwaga mara tatu juu ya kichwa kile kidogo, nikasema, "Maria, nakubatiza," na maneno yote hadi mwisho. Kisha nikapulizia tena, na mtoto akakohoa, akalia.

Nyinyi wenye shule mtasema maji ya baridi yalimshtua. Mama Agnesi alisema ni Mungu. Mimi sikuwa na nafasi ya kubishana, nilikuwa nazuia damu ya Salima.

Nilimwambia Mama Agnesi, "Hili ulilolisikia lifie humu." Akaapa.

Jioni Ramadhani alikuja, akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo mama," akamchukua mwanawe, akamwadhinia sikioni, akasema ataitwa Zainabu. Nilikuwa nimesimama pale pale na kitambaa mkononi. Salima amezinduka, ananitazama kwa shukrani. Ilikuwa saa ya kusema. Sikusema. Mabinti, kosa langu lilikuwa na sehemu mbili, na watu hupenda kunisamehe ile ndogo. Maji niliyamwaga nikiwa na hofu. Kunyamaza nilinyamaza nikiwa na akili timamu.

Mama Agnesi alivumilia hadi Jumapili. Pale kigangoni akasimulia muujiza. Jumatatu watoto walikuwa kisimani wanaimba, "Maria wa Ramadhani! Maria wa Ramadhani!"

Siku mbili zikapita. Ramadhani akaja kwangu. Hakuniamkia. Nyinyi wa siku hizi mnaweza msione uzito wake, lakini kijana wa kwetu kumkabili mama wa umri wangu bila shikamoo ni kama amekuja na mkuki.

"Mama Paskali. Mwanangu anaitwa nani?"

"Zainabu."

"Na kisimani anaitwa nani?"

Nikasema, "Ramadhani, kaa nikueleze."

"Sikai. Salima anaapa hajui kitu. Mama yangu anasema anajua, tena ndiye aliyekutuma. Nimemrudisha kwao jana. Mtoto yuko kwa mama."

"Mtoto wa siku tisa? Mnamnyonyesha nini?"

"Maziwa ya mbuzi."

Watoto wachanga waliopewa maziwa ya mbuzi nimewaosha kwa mikono hii, kuwapeleka kaburini, si kwa mama zao. Nikamwambia, "Ni mimi. Sikutumwa na mtu. Salima alikuwa amezimia."

Akatikisa kichwa. "Mkristo anamsitiri Mkristo," akasema, akaondoka.

Nikaenda kwa Yohana, katekista wetu. Nilijua neno lake lina uzito. Nilitaka aje tu aseme kwamba ubatizo wa namna ile tulifundishwa tuufanye bila kumuuliza mzazi, ili Salima atoke kwenye lawama. Nikamkuta na daftari la ubatizo limeshafunguliwa.

"Vizuri umekuja," akasema. "Siku gani ilikuwa? Na baba yake jina la ukoo nani?"

"Sikuja kuandikisha. Nimekuja uniokolee mtu."

"Mama Paskali, mtoto aliyebatizwa ni wetu. Mama yake amefukuzwa, basi ni heri. Arudi kundini, amlete na mwanawe."

"Mwanawe amefungiwa kwa bibi yake, anakunywa maziwa ya mbuzi."

"Mungu atamlinda."

"Mungu alishaweka ulinzi wake kifuani mwa Salima, Yohana. Sasa hivi ulinzi huo unamwagikia kanga. Mimi kesho naenda msikitini kusema nilikosa."

Akafunga daftari. "Ukienda kuomba msamaha kule, umekana ubatizo. Usije mbele kupokea komunyo."

"Nitakaa nyuma," nikamwambia. "Nyuma nako pana benchi."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Alfajiri nilishika njia kwenda kwa baba yake Salima. Nilimkuta Salima nje anakamua maziwa yake kwenye bakuli, anamwaga, uso umevimba kwa kulia. Nikamweleza yote. Sikuacha kitu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulikuwepo alipomwadhinia," akasema.

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza. Nikapelekwa kama mwizi, nawe unakula ugali kwako."

"Ndiyo."

"Kama usingekuwa na umri wa mama yangu ningekupiga."

"Twende kwanza," nikasema. "Utanipiga tukirudi."

Tulifika wanaume wanatoka kuswali. Msikiti wetu ulikuwa wa udongo, na uwanja wake ulikuwa na uzio wa miiba. Nikasimama nje ya uzio, Salima pembeni yangu, kanga yake imelowa mbele. Mzee mmoja akasema, "Mama, hapa si mahali pako."

"Ndiyo maana nimesimama nje," nikamjibu. "Lakini masikio yenu yapo huku, sina pengine pa kuyapata."

Nikasema kwa sauti niliyokuwa nawatolea wenye uchungu, sauti ambayo haibembelezi. "Nilimmwagia maji mtoto wa Ramadhani. Mimi peke yangu. Mama yake alikuwa amezimia, hakujua, hakunituma. Nilifundishwa nisiulize na sikuuliza. Baadaye nilipata nafasi ya kusema, nikanyamaza. Kama kuna wa kurudishwa kwao, nirudisheni mimi."

Kijana mmoja akapaza sauti, "Kwenu wapi?"

"Nyuma ya duka."

Wakacheka baadhi. Ramadhani hakucheka. Akasema, "Aape."

Mwalimu Jumanne, aliyekuwa akifundisha madrasa na ndiye aliyeswalisha siku ile, akaja hadi kwenye miiba. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, hapendi mzaha. "Utaapa kwa nini, mama? Sisi hatujui kiapo chako."

Nikainua mikono. "Kwa hii. Kama nimesema uongo, isipokee mtoto mwingine hadi naingia kaburini."

Mwalimu Jumanne akaitazama, kisha akasema, "Ulifanya vibaya. Mtoto hakuwa wako. Angekufa, ungemzika kwa jina lipi?"

Nikaishusha ile mikono.

Akamgeukia Ramadhani. "Maji yale yalikauka siku ile ile. Mtoto wako ni Mwislamu kama alivyozaliwa, hakuna kilichopungua. Lakini maziwa ya mama yake ni haki yake. Ukimnyima, hilo utaulizwa wewe, si huyu." Kisha akanirudia mimi. "Nawe usikanyage nyumba ya Mwislamu mpaka ujifunze kuuliza."

Ramadhani akamwambia Salima, taratibu, "Twende nyumbani."

Salima akaketi chini. Hapo hapo, vumbini, nje ya uzio.

"Siendi," akasema. "Siwezi kurudi kama mwizi aliyesamehewa. Aliyenitoa ni mama yako. Aje yeye, aje na mwanangu, anikabidhi mbele ya hawa hawa waliosikia nikiitwa mwongo."

"Salima, watu wanatazama."

"Watazame. Na juzi walitazama."

Yule mama mkwe akaitwa. Alichelewa, lakini alikuja, amembeba mtoto ndani ya kitenge, na nilipomwona mtoto nilijua tumewahi kwa siku moja au mbili tu. Midomo imekauka. Mama mkwe hakuomba msamaha kwa maneno, wanawake wa kwetu wa rika lile hawakuwa na maneno hayo. Alipiga magoti, akamweka mtoto mapajani kwa Salima, akasema, "Mchukue mwanao, mke wa mwanangu." Salima akafungua kanga, akanyonyesha pale pale, na wanaume wazima wote wakageuka kutazama ukuta wa msikiti kama wameona nyufa mpya.

Njiani kurudi nikamkumbusha Salima kwamba alisema atanipiga. Akasema, "Nimechoka. Siku nyingine."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Ijumaa nikafukuzwa nyumba za Waislamu, Jumapili nikakaa benchi la nyuma. Mama Agnesi alikuja kuniomba msamaha, nikamwambia aniletee kuni, msamaha utafuata. Yohana alisubiri nije kutubu. Padri alipopita kwenye ziara yake aliniuliza kama najuta kumbatiza mtoto. Nikamwambia, najuta kutouliza na najuta kunyamaza, ukitaka zaidi ya hapo utanifundisha uongo. Akasema atafikiri. Alifikiri karibu mwaka mzima ndipo akaniruhusu kwenda mbele. Mwaka huo sikukosa Jumapili hata moja. Nilitaka Yohana anione kila alipogeuka.

Kwa upande wa Waislamu, marufuku haikudumu hivyo. Uchungu hausomi marufuku. Walikuja kuniita wenyewe, na hapo ndipo nilipoanza utaratibu ambao wauguzi waliuona ni uchawi wa bibi. Nikifika mlangoni, kabla sijanawa, namuuliza mwenye nyumba, na mama mwenyewe kama bado ana nguvu ya kuzungumza: mtoto akizaliwa dhaifu, mnataka asemewe nini, na nani? Wengine walikasirika. "Unatuombea mabaya?" Niliwajibu, "Nauliza nikiwa na akili, maana ndani humo nitakuwa sina." Niliuliza kwa Waislamu, kwa Walutheri, kwa wale wa mambo ya wazee. Binti yake Yohana aliposhikwa na uchungu, nilisimama mlangoni nikamuuliza na yeye.

"Unaniuliza mimi?" akasema. "Katekista?"

"Nauliza kila mlango."

Alinuna, lakini alijibu.

Nilikwenda hata kwa Mwalimu Jumanne kumwomba anifundishe maneno ya kumsemea mtoto wa kwao, ikitokea tuko wawili tu porini. Akashtuka. "Ukiyatamka kwa nia, umesilimu!"

"Si ulisema maji yalikauka siku ile ile? Basi na maneno yatapoa."

Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka. Lakini hakunifundisha. Alisema nitafute mwanamke wa Kiislamu yeyote asimame karibu, aseme yeye. Nilimwona mkaidi. Nilipofikiri nikaona ana haki: mimi nilitaka tena kubeba cha watu kwa mikono yangu. Nikafuata alivyosema. Na nyumba za kwetu nikawa nahakikisha kuna Mkristo mwingine zaidi yangu, ili uamuzi huo asibebeshwe mtu mmoja tu.

Mabinti, hayo ndiyo niliyotaka kuwaambia wale vijana wa mkutano. Kuheshimu dini ya mwenzako si kuimba naye wimbo mmoja. Ni kumuuliza mapema, na kukubali jibu ambalo wewe usingelitoa. Na ukikosa, uende ukaseme kwa waliodhurika, hata kama wako nyuma ya miiba na wa kwako wanakungoja wakufunge mlango. Mnaosema "tusiguse mambo hayo, tutaharibu amani," mimi nilijaribu kutogusa. Niliona kilichotokea kwa siku tisa.

Salima alibeba mimba ya pili baada ya Zainabu kuanza kukimbia. Mama mkwe wake alitaka aitwe mkunga mwingine, wa kijiji cha pili. Salima akasema, "Huyu ninamjua makosa yake. Yule simjui." Nikaitwa mimi.

Ilikuwa mchana, jua kali. Ramadhani alikuwa mlangoni. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Ramadhani, nina swali."

"Najua una swali. Kijiji kizima kinajua swali lako."

Ndani Salima akapiga kelele, "Mjibu upesi, mtoto hangoji mahojiano yenu!"

Ramadhani akavua kofia, akaishika. Mwanaume wa kwetu hakai karibu na mahali mkewe anapojifungua, ni aibu kwake na kwa wazee wake. Nilikuwa nimeshatafuta kwa macho shoka liko wapi.

"Usinipe kuni," akasema. "Nitasimama hapa hapa. Ukiona mtoto anakwenda, niite, nitaingia nimsemee mwenyewe. Na ukiona hakuna muda wa kuniita..." Akaigeuza kofia mkononi. "Ukiona hakuna muda, mpulizie. Usiache kupulizia."

Nikanawa, nikaingia.

Mtoto hakuhitaji mtu. Alitoka wa kiume, mzito, analia kabla mabega hayajamaliza kutoka. Nje Ramadhani alisikia, na badala ya kungoja nimpelekee, akaanza kuadhini pale pale mlangoni, mgongo ametugeuzia, sauti inamkatika katikati, anarudia. Wembe nilikuwa nao mkononi, umechemshwa, uzi uko tayari. Kitovu bado kinapiga, na kitovu kinachopiga hakina haraka, mkunga yeyote anajua. Nikaweka wembe chini, nikamshika mtoto, nikangoja baba yake amalize.